Maharage juu ya kitenge

Mwalimu aliunganisha madawati mawili, akatandika kitenge cha rangi ya udongo, kisha akamwaga maharage 60: mekundu 20, ya madoadoa 20, meupe 20. Wanafunzi wanne wa kidato cha nne wakawa ndege. Dona moja kwa vidole viwili, tia kikombeni, inua kichwa, rudi. Yakibaki 15, acheni.

Wakahesabu: mekundu 9, ya madoadoa 5, jeupe 1. Kila lililonusurika likapewa watoto watatu wa rangi yake, kitenge kikajaa tena: 36, 20, 4. Wakadona upya. Yakabaki mekundu 12 na ya madoadoa 3. Jeupe halikuonekana hata moja.

“Kumetokea nini?” akauliza, akanyamaza. Ukimya ule niliupenda kuliko maelezo yoyote.

“Madamu, maharage yamejibadilisha rangi ili yajifiche,” msichana mmoja akajibu.

Hakumwambia amekosea. Alimwekea kiganjani harage moja jekundu. “Hili lilipomwagwa lilikuwa na rangi gani?”

“Jekundu.”

“Basi nani amejibadilisha?”

Msichana akaligeuzageuza. “Hakuna, madamu. Meupe yameliwa. Haya ni watoto wa yaliyobaki.”

Kitabu chao ni cha Kiingereza, lakini kosa lilitamkwa kwa Kiswahili, na mwalimu akaling’oa papo hapo, kwenye ile “ji” ndogo inayomfanya kiumbe aonekane ameamua mwenyewe. Yaliyoyapata maharage ndiyo yaliyowapata ndege halisi ambao wanabiolojia Peter na Rosemary Grant waliwafuatilia katika kisiwa cha Daphne Major, Galápagos. Ukame wa 1977 ulipomaliza mbegu ndogo laini, wengi walikufa, na waliosalia zaidi walikuwa wenye midomo minene iwezayo kupasua mbegu ngumu. Watoto wao wakairithi. Hakuna ndege aliyejinenepesha mdomo.

Nilidhani kipindi kimekwisha. Mwalimu akakunja kitenge, akatandika shuka jeupe, akamwaga mekundu 48 na ya madoadoa 12. Ndege wakadona bila taabu, kila harage likionekana wazi. Mvulana mmoja akalalamika: “Hapa meupe ndiyo yangefaa, lakini hayapo!”

“Hayapo,” mwalimu akakubali. “Na shuka haliwezi kuyazaa.”

Kisha akatoa harage jeupe mfukoni, moja tu, akalidondosha katikati ya mengine. “Hili limezaliwa hivi. Halikuomba.”

Vichwa vinne vikainama juu ya shuka, kulitafuta.