Namba Nane za Mapendo

Mkristo wa jumuiya pale Kiamunyi akiuliza asome nini ili aelewe fadhila, ataelekezwa kwenye Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1803 hadi 1845. Ameelekezwa vizuri. Ila sehemu hiyo hufundisha kwa umbo lake kama inavyofundisha kwa maelezo, na wengi wetu huisoma pale ambapo umbo limeshafutwa.

Hesabu namba zenyewe. Busara, haki, nguvu na kiasi zimepewa moja moja, 1806 hadi 1809. Zikifika fadhila za Kimungu mwendo unabadilika: imani namba tatu, matumaini tano, mapendo nane. Kabla Mtume Paulo hajaletwa kutamka lipi lililo kuu, mpangilio umeshatamka. Kitabu kikizungushwa sebuleni, kila mmoja akisoma namba moja kwa sauti, fadhila nne za kiutu huisha kwa watu wanne; mapendo huzunguka chumba kizima, na jumuiya ikiwa ndogo, aliyesoma busara hufikiwa tena na zamu.

Namba 1809 ndiyo iliyosukwa kwa ustadi zaidi. Inaanza na kutawala tamaa na kutumia vitu vya dunia kwa kadiri. Anayedhani kiasi ni habari ya kupunguza nyama choma na chupa atatulia hapo kwa raha. Halafu mwishoni anapewa nafasi Augustino, naye anazikusanya fadhila zote nne kuwa namna za kumpenda Mungu. Zamu ya mapendo ni 1822, lakini yameshaingia mapema na kuitafsiri upya orodha nzima iliyotangulia.

Sasa tazama muhtasari unaofunga sehemu hiyo, kuanzia 1833. Humo kila fadhila ina namba moja tu. Mapendo na kiasi ziko sawasawa. Katekisimu fupi ya 2005, yenye maswali 598, nayo inakwenda hivyo hivyo: fadhila moja, swali moja. Kwa mtoto wa kipaimara ni afadhali, maana kumbukumbu hupenda mistari inayolingana. Mtu mzima anayetafuta namna ya kuishi hizo fadhila anapunjwa. Huyo ningemwambia aanze na 1809, aruke hadi 1822, asome zote nane bila haraka, ndipo arudi kwa busara.