Mwanamke Mpangaji katika Riwaya ya Kiswahili

Kiwalani ni kata ya Wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, jirani na Vingunguti na si mbali na uwanja wa ndege. Sehemu kubwa yake ilijengwa bila ya ramani ya serikali, na nyumba zake nyingi ni za namna ile iitwayo nyumba ya Kiswahili: mlango mmoja wa mbele, ukumbi katikati, vyumba vikitazamana huku na huku, na nyuma yake uani, penye jiko, bafu na choo cha wote. Katika nyumba kama hiyo hukaa wapangaji wengi, na miongoni mwao hakosi mwanamke anayelipa kodi ya chumba kwa jasho lake mwenyewe. Yamkini huuza chakula penye lango la kiwanda kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu. Yamkini hushona, hufundisha shule, au hufanya kazi ya zamu. Hana mume. Ana ufunguo.

Je, riwaya ya Kiswahili imepata kumjua mwanamke huyu? Imemjua akiwa safarini. Kumjua akiwa kwake bado. Humwona akitoka kwa baba yake, humwona akianguka mjini, kisha humwona akirejea au akifa. Yaliyo katikati, yaani miaka ya kulipa kodi, kupika, kuugua, kuwasaidia ndugu na kuzeeka, riwaya huyaruka kama mtu arukavyo dimbwi. Kasoro hii si ya adabu za uandishi tu. Riwaya hizi husomwa shuleni na wasichana ambao kesho ndio watakaopanga vyumba, na wavulana ambao kesho ndio watakaokuwa wenye nyumba.

Mambo anayotazamiwa mwanamke huyo uani hayapatani. Siku ya kwanza huulizwa mumewe yuko wapi, kama kwamba kodi ya miezi sita aliyoitanguliza haikutosha kumdhamini. Akitembelewa na mwanamume, nyumba nzima huhesabu saa. Asipotembelewa na yeyote, nyumba nzima humtafutia kasoro. Katika harusi za wenzake ndiye wa kwanza kuombwa mchango, kwa kuwa hudhaniwa kuwa hana wa kumlisha, hali mama yake kijijini na watoto wa kaka yake hula kutoka katika mfuko uleule. Hutoa mchango wa sare, wa chakula, wa zawadi ya mwali, na mchango wake yeye haurudi kamwe, maana desturi haikuweka sherehe ya mtu aliyeishi peke yake kwa heshima miaka ishirini. Katika upatu hali ni nyingine: humo kila mtu hupewa kwa zamu yake bila kuulizwa habari za mume, na pengine ndiyo maana wanawake wa uani wanauthamini sana.

Lugha yenyewe imeshiriki katika kazi hii. Inajulikana kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa, mmoja mtenda na mwingine mtendwa. Jambo hilo limesemwa mara nyingi, na si kubwa kuliko yote. Lililo kubwa zaidi limo katika silabi ndogo ya *ja*. Mwanamke wa miaka hamsini husemwa kuwa hajaolewa, kama vile wali ambao haujaiva. Kwa silabi hiyo hali yake ya leo hufanywa kuwa kungojea tu, na umri wake wote hufanywa utangulizi wa jambo lisilokuja. Mwanamume asiye na mke huitwa kapera, neno la utani lisilomwondolea mtu usingizi. Mwanamke huitwa msimbe, na katika vinywa vya wengi neno hilo halisemwi bila shutuma. Tena yako majina ya kuitana. Mwenye mtoto huitwa kwa jina la mtoto, Mama Asha au Mama Juma, na jina hilo humpa mahali pa kukaa katika mazungumzo. Asiye na mtoto huitwa dada. Na udada una mwisho, kwa sababu inafika siku ambapo vijana wa nyumba huona haya kumwita dada mtu wa makamo, wala hawana jina jingine la kumpa.

Katika mazingira hayo ndipo *Rosa Mistika* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, inapaswa kusomwa tena. Hapana shaka kwamba ni kitabu cha ujasiri, na kwamba kilipopigwa marufuku mashuleni kwa muda, waliokipiga marufuku waliogopa lawama yake zaidi ya matusi yake. Lawama hiyo inamwangukia baba. Zakaria, mlevi wa Ukerewe, anamchunga binti yake kwa fimbo hata msichana hajui namna ya kuzungumza na mwanamume, na ulinzi huo ndio unaomwangamiza atakapokuwa mbali na nyumbani. Kwa hoja hii Kezilahabi aliwatangulia wengi. Walakini hoja yenyewe ina ukuta wake. Rosa anasoma, anapata ualimu, anakuwa mtu wa kazi na mshahara. Hapo ndipo msomaji anapotazamia kuona mwanamke mwenye fedha yake akipanga maisha yake. Na hapo ndipo riwaya inapoharakisha. Kipimo kinarudi kilekile alichokuwa nacho Zakaria, ila sasa kimo mkononi mwa mchumba: binti ni bikira au si bikira? Rosa anakataliwa, naye anajiua. Mwandishi amemhukumu baba kwa kumfungia binti ndani, lakini hakupata kumfikiria binti huyo akiwa nje na akiwa mzima.

Mwaka huohuo wa 1971 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Ndoa, na inafaa maandishi hayo mawili yawekwe mezani pamoja. Kifungu cha 56 kilimpa mwanamke aliyeolewa haki sawa na ya mwanamume ya kupata mali, kuishika na kuiuza. Kifungu cha 160 kilisema kwamba mwanamume na mwanamke waliokaa pamoja kwa miaka miwili au zaidi, na kujulikana na watu kuwa mume na mke, watadhaniwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hiki cha pili kimewaokoa wanawake wengi waliotaka kufukuzwa mikono mitupu, na si haki kukibeza. Lakini hata hapo huruma ya sheria imepita katika mlango wa ndoa. Mwanasheria na mwanariwaya, kila mmoja kwa njia yake, walimtafutia mwanamke wa mjini mume, mmoja kwa kumdhania na mwingine kwa kumlilia.

*Utengano* ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ni riwaya iliyosukwa kwa ustadi mkubwa zaidi, lakini haihitaji maneno mengi hapa, kwa kuwa njia yake ni ileile. Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi, anatoroka, anaishi katika ulevi na umalaya, kisha anarejea. Mji katika kitabu hiki ni shimo. Hakuna mwanamke anayeamka asubuhi mjini humo akaenda kazini na kurudi jioni akiwa amechoka tu.

Upo utetezi wa waandishi hao, nao una uzito. Waliandika katika nyakati ambazo serikali yenyewe haikumwamini mkazi wa mjini asiye na mwajiri. Kampeni ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 iliwakamata watu wasio na kazi inayotambuliwa jijini Dar es Salaam na kuwapeleka mashambani, na muuza vitumbua hakuwa na karatasi ya kumwonyesha askari. Pengine riwaya ilikuwa imesema mapema yale ambayo dola ilikuja kuyatenda. Lakini utetezi huo hauwafai wahakiki waliokuja baadaye. Shuleni, swali la nafasi ya mwanamke limegeuzwa kuwa orodha ya kukaririwa: mwanamke kama mlezi, mwanamke kama chombo cha starehe, mwanamke kama mshauri, mwanamke jasiri. Rosa na Maimuna huingizwa katika safu ya starehe, mtahiniwa hupata alama zake, na mambo yamekwisha. Katika orodha hiyo hamna mwanamke mpangaji, wala mwenye mshahara, wala aliyeamua. Mwanafunzi wa kike anayetoka chumba cha mtihani na kwenda kuanza kazi mjini amekwisha fundishwa, kwa Kiswahili sanifu, jinsi majirani watakavyomtazama.

Ajabu ni kwamba fasihi ya zamani haikuwa na woga huo kwa kiasi hicho. Mwana Kupona binti Mshamu, ambaye utenzi wake wa takriban mwaka 1858 umefanywa kuwa katiba ya utiifu wa mke, aliutunga akiwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1856. Maneno ya kumfunza binti namna ya kumtumikia mume yalitungwa na mwanamke aliyekuwa akiishi bila ya mume, akisema kwa mamlaka yake mwenyewe. Wasomaji wa utenzi huo hupenda kutaja utiifu unaofundishwa. Mamlaka ya mwenye kufundisha hutajwa kwa nadra.

Karne moja baadaye, mwaka 1958, ulitoka *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert. Huu si hadithi ya kubuni, na huenda ndiyo sababu umeona yale ambayo riwaya hazikuyaona. Binti wa Fumba, mtoto wa mfinyanzi, muuza vyungu, anaachana na mume na kuingia mjini Unguja bila mali. Kwa mwendo wa Rosa na Maimuna, hapo ndipo angeangamia. Siti anafanya kazi. Anajifunza kuimba, anapata wenzake wa kupiga ala, na mwaka 1928 anasafiri hadi Bombay kurekodi santuri ambazo zilienea pwani yote. Hata jina lake ni la kujipatia: alizaliwa akiitwa Mtumwa, na mjini ndiko alikoitwa Siti, jina la bibi mwenye heshima. Uani wa Unguja ulipata jina la kumpa mwanamke ambaye cheo chake hakikutoka kwa mume wala kwa mtoto.

Hata hivyo Shaaban Robert naye ana deni. Amemsifu Siti mno. Uso wake ameutetea, nasaba yake ameitetea, tabia yake ameitetea kwa wingi wa maneno hata mtu hujiuliza ni nani aliyekuwa akimshitaki. Kwa kumfanya kuwa johari isiyo na mfano, amempa ruhusa ya pekee. Mwanamke wa Kiwalani hana sauti ya kumpeleka Bombay. Ana sufuria tatu na deni la mchele. Ikiwa mwanamke hawezi kuishi peke yake kwa heshima mpaka awe Siti, basi heshima hiyo ni adimu kama santuri zenyewe zilivyo sasa. Na wanawake wa kawaida hawakukosekana. Susan Geiger, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wanawake wa TANU, ameonyesha kwamba wengi wa waliokusanyika pamoja na Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, kuanzia mwaka 1955, walikuwa watu wazima, wengi wao wameachika, wenye elimu ndogo ya shule na biashara zao ndogondogo. Chama kiliwaona na kuwahitaji. Waandishi wa riwaya zilizotajwa hapa walipita karibu nao wakienda kumtafuta msichana aliyeanguka.

Aliyesimama ni Shafi Adam Shafi. Katika *Vuta N'kuvute*, iliyotoka mwaka 1999, Yasmin anaikimbia ndoa ya mzee Raza, na jamaa zake wanapomkataa, anapokewa na Mwajuma huko Ng'ambo ya Unguja. Wahakiki wamemtazama sana Yasmin, na sana zaidi Denge, mpigania uhuru. Filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 imezidi kuwatia nuru. Lakini mtu mpya katika riwaya hiyo ni Mwajuma. Yasmin ndiye asafiriye, kutoka nyumba ya mwanamume mmoja hadi mapenzi ya mwingine, kama walivyosafiri wenzake katika vitabu vya kale. Mwajuma anakaa. Makazi yake ni duni, lakini ni yake, na ndiyo maana anaweza kumkaribisha mtu. Anapenda taarabu, anapenda kucheka, ana marafiki, na mwandishi hakumwadhibu kwa lolote kati ya hayo. Hakumtakasa pia. Wema wake haukutungwa ili kulipia usimbe wake. Ni wema wa mtu aliye na godoro na anaona mwenziwe hana.

Tofauti ya kazi hii na zile za 1971 na 1980 inaonekana katika jambo moja la ufundi. Kwa Kezilahabi na kwa Said Ahmed Mohamed, mlango ni kitu cha kufungiwa nyuma yake au cha kutorokea. Kwa Shafi, mlango wa Mwajuma hufunguliwa kutoka ndani, na mwenye kuufungua ni mwanamke. Hata lugha hubadilika hapo: mazungumzo ya wanawake wawili hujaza kurasa bila ya mwanamume kuwa hakimu wao.

Na bado Mwajuma amewekwa pembeni. Yeye ni mwenyeji wa mhusika mkuu, si mhusika mkuu. Msomaji anakaa kwake muda mrefu, anakula na kulala hapo, kisha anaondoka pamoja na Yasmin kufuata mambo makubwa ya mapenzi na siasa, na Mwajuma huachwa kijana. Riwaya ambayo ingebaki naye ingelazimika kuhesabu fedha zake mwezi hadi mwezi, kumwuguza, kumgombanisha na mwenye nyumba juu ya umeme na maji, kumwonyesha akiandika michango ya harusi ya kumi na tano, na kuamua vijana wa uani watamwita nani atakapotimiza miaka hamsini.