Kosa la Karama: Wajuzi na Taifa katika "Kusadikika"

Tangu kilipotoka mwaka 1951, kitabu kidogo cha Shaaban Robert kiitwacho Kusadikika kimesomwa zaidi kama fumbo juu ya udhalimu wa watawala. Usomaji huo una haki yake. Nchi iliyo angani, ambayo wakubwa wake huwahukumu watu pasipo kuwasikiliza, haikuwa vigumu kufananishwa na Tanganyika ya udhamini. Na mwalimu wa shule aliyepewa vipindi vichache vya kukimaliza kitabu hupata katika fumbo hilo jawabu jepesi la kuwaandikisha wanafunzi. Walakini fumbo likishafumbuliwa hivyo, sehemu kubwa ya kitabu hubaki bila kazi. Hadithi za wajumbe sita, ambazo ndizo kiwiliwili cha kitabu, zageuka kuwa vielelezo sita vya jambo moja, na msomaji aliyeielewa ya kwanza huona kwamba zilizobaki zaweza kurukwa. Kitabu kinachoweza kurukwa kiasi hicho bila hasara ama kimeandikwa vibaya, ama kimesomwa vibaya. Yafaa kuijaribu dhana hii ya pili kabla ya kumlaumu mwandishi.

Ushahidi wa kwanza ni shtaka lenyewe. Karama hakushtakiwa kwa kuiba wala kwa kushika silaha. Waziri Majivuno amfikisha mbele ya Mfalme na Baraza kwa kosa la kuwafundisha watu sheria. Neno linalotajwa kila shtaka hili linapozungumzwa ni uanasheria, nalo lastahili kutazamwa kwa jicho la sarufi kabla ya jicho la siasa. Kadhi na hakimu ni majina ya vyeo, na mwenye cheo huteuliwa. Wakili ni jina la mtu asimamaye mahali pa mwingine. Mwanasheria ameundwa kwa njia nyingine, kama mwanamaji na mwanachama: ni mtu atajwaye kwa kuwa ndani ya jambo fulani na kulijua, pasipo kuulizwa nani amempa ruhusa. Kiambishi u- kikitangulia, hali ya mtu huyo yawa kitu kinachoweza kutajwa peke yake, na kwa hiyo kusomwa, kufundishwa na kuenezwa. Majivuno aielewa sarufi hiyo kuliko wahakiki wengi. Hofu yake ni kwamba jambo lililokuwa cheo cha wachache litakuwa elimu ya yeyote aliye tayari kuketi na kujifunza.

Tena, elimu iliyochaguliwa si elimu yoyote tu. Mwaka 1951 Makerere, iliyokuwa chuo kikubwa cha Afrika Mashariki, ilifundisha utabibu, ualimu, kilimo na uganga wa mifugo. Sheria haikufundishwa hapo. Serikali za kikoloni zilikuwa nzito mno kumgharimia Mwafrika aliyetaka kwenda ng'ambo kusoma sheria. Alikubaliwa kwa wepesi zaidi akiomba kusoma ualimu. Sababu haikuwa siri: daktari hutibu wagonjwa waliopo, lakini mwanasheria huuliza kwa nini jambo liko kama lilivyo. Shaaban Robert, karani wa serikali ambaye masomo yake ya shule yalikwisha mwaka 1926, alikuwa amekaa karibu na karatasi za utawala muda mrefu wa kutosha kujua ni ujuzi upi ulionyimwa watu wake. Wanaoisoma sheria ya Karama kama jina jingine la haki hawakosei kabisa, ila waipunguzia makali yake. Haki yaweza kuombwa kwa mtawala na mtawala akaitoa kwa hisani. Sheria ikiwa elimu, hapaombwi kitu; kinachohitajika ni mwalimu na wanafunzi.

Hapo ndipo wajumbe sita wanapopata kazi yao. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini hawakutoroka nchi yao. Walitumwa, kila mmoja upande wake, hata mbinguni na ardhini, ili wajifunze yaliyoko na warudi na la kuwafaa wenzao. Kila mmoja alipata taabu ya safari, akaona, akarudi, akatoa shauri, akatiwa gerezani. Marudio haya huwachosha wasomaji wa siku hizi, na wahakiki wengine wameyataja kuwa udhaifu wa ubunifu. Lakini marudio hayo ndiyo hoja. Mjumbe mmoja akifungwa, taifa laweza kusemwa kuwa limekosea. Akifungwa wa pili kwa namna ile ile, kosa limekuwa desturi. Na anapofungwa wa sita, msomaji ameelewa kwamba Kusadikika haikosi wajuzi hata kidogo. Ina wajuzi sita, ambao waliigharimu kuwapata, nao wote wamo gerezani. Taifa hilo ni dogo si kwa eneo wala kwa idadi ya watu, bali kwa uchache wa ujuzi linaokubali kuutumia.

Mwaka 1964, alipokuwa akieleza mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Julius Nyerere alitoa mfano ambao umekumbukwa na wengi: msomi ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake riziki, akichukua chakula hicho asirudi na msaada, ni msaliti. Nyerere alikuwa na sababu ya kusema kwa ukali. Aliwahi kueleza kwamba nchi ilipopata uhuru ilikuwa na wahandisi 2 na madaktari 12 tu, na kwa hesabu kama hiyo kila aliyesomeshwa alikuwa amekula sehemu kubwa ya ghala. Mwaka 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoandamana kupinga masharti ya utumishi wa Jeshi la Kujenga Taifa, zaidi ya 300 walirudishwa makwao. Mfano wa kijiji chenye njaa ulikuwa umegeuka hukumu.

Kusadikika kilitangulia mfano huo kwa miaka 13, nacho chaugeuza upande wa pili. Katika kitabu, mtu aliyepewa chakula amekwenda na amerudi. Mzigo u mabegani pake. Kijiji ndicho kilichomfunga kamba mlangoni. Mifano miwili hii haipingani. Kila mmoja waona nusu ambayo mwingine hauioni, na hasara kubwa katika mazungumzo juu ya elimu tangu uhuru ni kwamba nusu ya kwanza imenukuliwa kila mahali, ilhali ya pili imeachwa ndani ya vitabu vya mitihani. Wanafunzi wamefundishwa sana deni la msomi kwa taifa. Deni la taifa kwa msomi aliyerudi, yaani kumsikiliza kabla ya kumhukumu, halijapata mhubiri mwenye sauti kama ile.

Hata hivyo, mwandishi hakuishia katika kuwasikitikia wajumbe, na hapa ndipo kitabu kinapopita kiwango cha malalamiko ya wasomi, ambayo yapo ya kutosha. Yafaa kuuliza kwa nini ilikuwa rahisi hivyo kuwafunga. Kila mjumbe alibeba peke yake alichojifunza. Alikipeleka moja kwa moja kwa wakubwa, kwa kuwa wakubwa ndio waliomtuma. Nao walipomfungia mlango, ujuzi wake ulifungiwa pamoja naye. Hapakuwa na mtu mwingine nje awezaye kuuendeleza. Karama ni wa aina nyingine. Yeye hakupeleka ripoti kwa mtu. Alifundisha. Kwa hiyo kumfunga hakutoshi. Hapana budi mafundisho yenyewe yatangazwe kuwa kosa, na ndiyo maana kesi ya Karama yahitaji Baraza zima.

Na utetezi wake ni wa ajabu zaidi ya inavyosemwa kwa kawaida. Badala ya kujibu shtaka kwa maneno machache, Karama asimulia, siku baada ya siku, safari za watu sita ambao wenye kumsikiliza waliwatia gerezani. Aghalabu jambo hili huelezwa kama ushahidi wa udhalimu, nalo ni hivyo. Lakini tazama kinachotendeka barazani wakati asemapo. Ujuzi wa wajumbe, uliokuwa umefungwa katika vyumba sita, wapita wote kinywani mwa mtu mmoja na kuingia masikioni mwa umati. Mshtakiwa afanya mbele ya mahakama jambo lile lile alilokatazwa kulifanya shuleni, na Majivuno hawezi kumnyamazisha kwa kuwa ameruhusiwa kujitetea. Baraza limekuwa darasa. Ni vigumu kupata katika nathari ya Kiswahili ya zama zile hila ya masimulizi iliyokaa vizuri zaidi na maudhui yake. Wanaomwita Shaaban Robert mshairi aliyepotea njia kuingia katika nathari wangefaa kuisoma tena sehemu hii.

Jambo moja ndani ya darasa hilo halijatajwa na wahakiki kwa kuwa ni wazi mno: linafundishwa kwa Kiswahili. Shtaka, utetezi na hukumu vyote vyatolewa katika lugha ambayo mpita njia wa Kusadikika aweza kuifuata. Katika kitabu jambo hilo ni la kawaida kiasi cha kutoonekana. Katika nchi aliyoishi mwandishi halikuwa la kawaida. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam, Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha Sheria, nacho kilianza na wanafunzi 14. Shaaban Robert, aliyefariki Juni 1962, aliuona mwanzo huo akiwa hai. Miaka 10 baada ya kuandika kesi ya mtu aliyefundisha sheria, taifa lilichagua sheria iwe elimu ya kwanza ya chuo chake. Ni vigumu kupata ushindi mkubwa zaidi kwa mwandishi wa mafumbo. Lakini wanafunzi wale 14 walifundishwa kwa Kiingereza, na waliowafuata vivyo hivyo. Mahakama za Mwanzo ziliendesha kesi kwa Kiswahili, ila kadiri kesi ilivyopanda ngazi, ndivyo mdai mwenyewe alivyozidi kuwa mgeni katika jambo lake, mpaka hukumu ya Mahakama Kuu ikamrudia kama barua inayohitaji mtu wa kuisoma. Istilahi hazikukosekana: mwaka 1968 chuo hicho kilikwisha kutoa kitabu cha maneno ya sheria kwa Kiswahili. Ilikuwa mwaka 2021 ndipo sheria ya Tanzania ilipobadilishwa na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku mlango wa kutumia Kiingereza ukiachwa wazi kwa hali maalumu.

Miaka 60 kati ya tarehe hizo mbili yaweza kupimwa kwa kipimo cha kitabu. Taifa lilipata wanasheria wengi, wengine mahodari sana, na hakuna aliyefungwa kwa kuwa na ujuzi huo. Hata hivyo, ujuzi wao ulikuwa wa aina ya wajumbe: ulibebwa na mtu mmoja mmoja, katika lugha ya safari, na mwananchi aliuhitaji kila mara kupitia kwa mbebaji. Uanasheria ulipatikana, kilichochelewa ni ile silabi ya mwanzo, u-, yaani hali ya kuwa jambo la kufundishwa kwa yeyote. Mtu anaweza kupinga kwamba sheria ni fani ngumu, na kwamba hata mataifa makubwa huwaachia mafundi wake. Ni kweli, na Karama hakuahidi kumfanya kila mtu wa Kusadikika kuwa wakili. Lakini fani huwa ngumu kwa namna mbili. Kuna ugumu wa jambo lenyewe, ambao haukwepeki, na kuna ugumu wa lugha iliyolifunika, ambao umewekwa na watu na waweza kuondolewa na watu. Wanafunzi wa fizikia na wa uhandisi wanaujua ugumu huu wa pili vizuri kama wa sheria.

Kitabu kina mapungufu, nayo si ya kufunikwa kwa heshima ya jina. Wajumbe wote sita ni wanaume, na hakuna dokezo kwamba Kusadikika ina mwanamke mwenye la kuliona au la kulirudisha. Kwa mwandishi ambaye baadaye aliandika maisha ya Siti binti Saad, upofu huo ni wa kushangaza. Majina ya sifa, ambayo yamsaidia msomaji kumtambua mwovu mapema, yawanyima wajumbe tofauti za tabia: Fadhili na Auni wangebadilishana safari, hasara isingekuwa kubwa. Pungufu zito zaidi liko mwishoni. Karama ashinda kwa sababu wakubwa hatimaye wasikia. Kitabu kilichoeleza kwa subira jinsi ujuzi unavyokwama ukitegemea sikio la mkubwa chaumaliza mgogoro kwa sikio la mkubwa. Milango ya gereza yafunguliwa, wajumbe watoka, na kitabu chafungwa pasipo kuwaonyesha wakiwa kazini. Wala wanafunzi wa Karama, ambao kwa ajili yao mwalimu wao alikuwa karibu kupoteza maisha, hawasimami barazani kusema walichojifunza.