Kremayeri Iliyosingiziwa: Mafuta Mekundu Chini ya RAV4

Tulifika Rumangabo jioni kutoka Goma, volani imekuwa nzito na pampu yake inalia kila kona. Asubuhi, chini ya RAV4 yetu ya 1997, kulikuwa na doa jekundu kwenye mchanga mweusi wa volkano. Gereji moja mjini ilikuwa imeshatoa hukumu wiki iliyotangulia: kremayeri, yaani chuma cha meno kinachogeuza magurudumu, imekufa, tafuteni nyingine. Nilikuwa nimeanza kukusanya pesa.

Fundi wa Rumangabo alilala chini, akatazama, akainuka. “Papa, usitoe falanga kwanza,” akasema. “Pale palipolowa sipo panapovuja.”

Alianza na rangi. Toyota za umri ule hutumia kwenye usukani mafuta ya giaboksi ya otomatiki, aina ya Dexron, nayo ni mekundu. Lakini maji ya rejeta ya Toyota nayo mara nyingi ni mekundu, na wengi huchanganya hapo. Akadondosha tone ndani ya kikombe cha maji: likaelea. Maji ya rejeta yangeyeyuka humo. Na kwa kuwa gari letu lina giaboksi ya mkono, mafuta yale hayakuwa na kwingine pa kutoka isipokuwa kwenye usukani.

Kisha akaosha. Hatua hii ndiyo gereji nyingi huiruka, na mimi naiona ndiyo nusu ya kazi. Mafuta hushuka kwa uzito wake, upepo wa mwendo huyasukuma nyuma, na vumbi huyabeba hadi kila kitu kiwe cheusi na chenye kuteleza. Kremayeri iko chini na nyuma ya injini. Kila kinachovuja juu yake huishia kwake. Tulisugua kwa sabuni ya unga na maji ya moto, tukakausha, tukapaka poda ya mtoto kwenye viungo vyote.

Baada ya hapo hakuuliza tena yanavuja wapi. Aliuliza yanavuja lini, kwa sababu kila sehemu ya mzunguko ule ina msukumo wake. Kati ya kopo la mafuta na pampu hakuna msukumo wa maana: mpira wa hapo ukipasuka, hudondosha usiku gari likiwa limezimwa, na injini ikiwaka huvuta hewa ndani, mafuta yakatoa povu. Mpira wa kurudishia mafuta huvuja wakati wote injini inapowaka. Lakini kati ya pampu na kremayeri, volani ikizungushwa hadi mwisho, msukumo hupita bar 60. Gurudumu la gari dogo lina bar 2 na kidogo. Tundu la hapo linaweza kunyamaza kutwa nzima likasubiri kona.

Tuliongeza mafuta, tukatandika katoni safi chini, tukalala. Asubuhi ilikuwa kavu, kwa hiyo kopo na mpira wake vilitoka kwenye orodha. Injini iliwaka dakika kumi, magurudumu yamenyooka: kavu. Ndipo nikaambiwa nizungushe volani hadi mwisho, nishikilie sekunde tano tu, niachie. Zaidi ya hapo pampu huchemka. Yeye alitazama kwa tochi, akipitisha kipande cha katoni mahali ambapo wengine hupitisha mkono. Hilo nalisisitiza: mchirizi wa msukumo ule unaweza kutoboa ngozi na kuingiza mafuta mwilini, na jeraha linaloonekana dogo kama la sindano huhitaji daktari wa upasuaji haraka.

Mara ya tatu poda ikawa nyekundu. Ni kwenye mpira wa msukumo mkubwa, pale unapoingia kwenye kola ya chuma iliyobanwa kwa mashine. Mtu alikuwa ameshaweka bana ya skrubu juu ya kola hiyo. Bana ya namna ile hushika mpira wa rejeta. Bar 60 haiwezi.

Ili kuiondolea kremayeri lawama kabisa, alifungua mipira yake ya mikunjo pembeni. Sili za ndani zikifa, mafuta hujikusanya mle. Mlikuwa na ukavu mtupu.

Kwa nini mpira ulikatika pale? Barabara ya Goma hadi Rutshuru, tuliyopita, iko juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo, na lava ya Mei 2021 iliwahi kuikata kabisa. Kila shimo hutikisa injini. Fundi alipoweka nondo chini ya injini akainyanyua kidogo, mpira mmoja wa kuishikilia ulionekana umepasuka, na injini ikapanda kuliko inavyopaswa. Kwa hiyo ule wa mafuta ulikuwa ukivutwa kila tuta. Kuubadilisha peke yake kungetupa miezi michache.

Tuliweka mipira yote miwili mipya, na washa mpya za shaba. Magurudumu ya mbele yakiwa juu ya stendi, injini imezimwa, nilizungusha volani polepole mwisho hadi mwisho kama mara ishirini, yeye akiongeza mafuta hadi viputo vikaisha. Alikataa mabaki ya mafuta ya breki niliyokuwa nayo kwenye buti. Hayo huharibu sili za usukani.

Tuliporudi Goma nilitandika katoni ileile. Kwa asubuhi nne imebaki na alama moja tu, ya kiatu changu.