Mstari wa Zuhura na polinomia ya digrii 12

Septemba 2020, kikundi cha Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff kilitangaza kuwa kimeona fosfini katika mawingu ya sayari ya Zuhura, kadiri ya molekuli 20 katika kila bilioni. Kwa kuwa hapa duniani gesi hiyo huhusishwa na vijidudu visivyotumia oksijeni, magazeti yalirukia habari za uhai. Mimi kilichonivutia ni hesabu iliyokuwa nyuma ya tangazo.

Joto la mawingu hutoa mawimbi ya redio ya masafa mengi. Yakipita kwenye hewa baridi iliyo juu, kila gesi hufyonza masafa yake. Fosfini hufyonza kwenye gigahezi 266.94, na pengo dogo, linaloitwa mstari, hubaki kwenye grafu. Darubini ya JCMT huko Hawaii ilipima pengo hilo mwaka 2017, ALMA ya Chile ikafuata 2019.

Ugumu ulikuwa kwamba Zuhura inang'aa mno. Mawimbi yake hurukaruka ndani ya mitambo na kuacha mikunjo inayoweza kulimeza pengo lenyewe. Ili kuinyoosha grafu ya ALMA, watafiti waliiwekea polinomia ya digrii 12, wakiruka sehemu waliyotarajia mstari, kisha wakaitoa. Hapo ndipo penye utata. Polinomia ya digrii kubwa namna hiyo, ukiiachia nafasi isiyo na data, hujipinda itakavyo na huweza kuchimba shimo ambalo halikuwapo. Ignas Snellen wa Chuo Kikuu cha Leiden na wenzake walirudia utaratibu uleule kwenye masafa mengine ya data hiyo, wakapata "mistari" kadhaa yenye nguvu ileile. Jaribio rahisi, na kwangu ndilo lililouma zaidi.

Baadaye ALMA iligundua kasoro katika usawazishaji wa data. Ilipochakatwa upya, 20 ikashuka hadi kati ya 1 na 4. Wengine wakanyooshea kidole dioksidi ya salfa, ambayo Zuhura inayo kwa hakika, na yenye mstari ulio megahezi 1.2 tu kutoka ule wa fosfini.

Njia ya kutoka kwenye utata huo ni kutafuta mistari mingine ya fosfini. SOFIA, darubini iliyobebwa na ndege ya Boeing 747, ilifanya hivyo mwaka 2021: wachambuzi wake hawakuona kitu, wakaweka kikomo cha 0.8 kwa bilioni. Kikundi cha Greaves kikaichakata data hiyohiyo kwa njia yake, kikasema fosfini imo.