Ni Nani Hasa Aliyepotea? Mirathi, Tabaka na Siri za Ukoo katika Riwaya ya The Woman in White

Katika madarasa yetu riwaya za kusisimua hupokelewa kwa namna mbili, na zote mbili zina kasoro. Wapo makada wanaosema kwamba vitabu vya siri, vifo na watu waliopotea ni kasumba tupu. Vinawapumbaza vijana na kuwatoa katika mambo ya maana, kwa hiyo visisomwe. Wapo na wengine wanaovisoma usiku kucha, wakafika ukurasa wa mwisho, wakafunga kitabu na kulala, na asubuhi hawana la kueleza ila kwamba mwovu amepatikana. Wa kwanza anakataa kusoma. Wa pili anasoma bila kuuliza. Makala hii inataka kuonyesha njia nyingine, yaani kumfuata mtunzi hatua kwa hatua, na kila anapofunua siri, kumwuliza: siri hii ilikuwa inalinda mali ya nani?

Kitabu tutakachokichambua ni The Woman in White, maana yake Mwanamke Mwenye Nguo Nyeupe, cha Mwingereza Wilkie Collins, aliyeishi kati ya mwaka 1824 na 1889. Kilianza kutoka kwa sehemu sehemu katika gazeti la kila juma la Charles Dickens, All the Year Round, mwezi Novemba 1859, kikamalizika Agosti 1860. Ni miongoni mwa vitabu vilivyofungua njia ya riwaya za siri na upelelezi, utanzu ambao katika lugha yetu ulipata mizizi Muhammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960. Anayetaka kuuelewa mti na autazame shina lake.

KISA CHENYEWE

Mwalimu wa kuchora, Walter Hartright, anatembea kwa miguu usiku kurudi London. Njiani anaguswa begani na mwanamke aliyevaa nguo nyeupe tupu, mwenye hofu, anayeomba kuonyeshwa njia. Baadaye Hartright anatambua kwamba mwanamke huyo, Anne Catherick, ametoroka katika nyumba ya wendawazimu. Hartright anakwenda kaskazini ya Uingereza, katika jumba la Limmeridge, kuwafundisha kuchora dada wawili wa mama mmoja. Marian Halcombe hana kitu, kwa sababu baba yake alikuwa maskini. Laura Fairlie ni mrithi, kwa sababu baba yake alikuwa na ardhi na fedha. Na Laura huyo anafanana mno na mwanamke wa barabarani.

Laura anaolewa na Sir Percival Glyde, kwa kutimiza matakwa ya marehemu baba yake. Glyde amezama katika madeni. Rafiki yake, Count Fosco kutoka Italia, amemwoa shangazi yake Laura. Hawa wawili wanapanga hila: Anne, ambaye ni mgonjwa wa moyo, anafia London na kuzikwa kwa jina la Laura, naye Laura analeweshwa dawa na kufungiwa katika nyumba ya wendawazimu kwa jina la Anne. Marian anamtorosha dada yake, na Hartright anakusanya ushahidi mpaka tarehe zenyewe zinasema. Hati ya kifo ni ya tarehe 25 Julai 1850, na Laura aliondoka nyumbani kwa mumewe tarehe 26. Mtu hawezi kufa jana akasafiri leo.

CHOMBO CHA UHALIFU NI MKATABA

Msomaji wa haraka atasema chombo cha uhalifu huu ni dawa ya Fosco. Sivyo. Chombo cha uhalifu ni mkataba wa ndoa, ulioandikwa mchana kweupe na mawakili wenye heshima zao.

Tutazame hesabu. Laura alikuwa na paundi 20,000 zake mwenyewe. Kwa mkataba ule, akifa bila mtoto, fedha zote zinakwenda kwa mumewe. Tena zilikuwapo paundi 10,000 ambazo Laura akifa zinakwenda kwa shangazi yake, mke wa Fosco. Kwa maneno mengine, Laura akiwa hai hawa mabwana wawili ni wadaiwa. Akiwa maiti ni matajiri. Na mwalimu Hartright, anayefanya kazi kwa mikono yake, analipwa gini nne kwa juma. Ili apate paundi 20,000 ingempasa afundishe kuchora kwa zaidi ya miaka 90 bila kula wala kulala mahali pa kulipia. Hapo ndipo mtunzi, kwa tarakimu tu, anapoonyesha ukubwa wa shimo lililopo baina ya anayefanya kazi na anayerithi.

Wakili wa ukoo, Gilmore, aliiona hatari. Alipinga kipengele kile, akafunga safari mpaka kwa Frederick Fairlie, amdogo wa Laura na mlezi wake. Huyu ni mwinyi anayeshinda ndani akitazama sarafu zake za kale na kulalamika kwamba kelele zinamwumiza mishipa. Alikubali kila kitu ili asisumbuliwe. Gilmore akakiri moyoni kwamba binti yake mwenyewe asingemwoza kwa mkataba kama ule, kisha akarudi ofisini akauandika. Kada anayesoma ukurasa huo asiupite upesi. Gilmore si mwovu, ni mtendaji mwaminifu wa mfumo mwovu. Mfumo wa namna hiyo hauhitaji watu waovu wengi. Wawili watatu wanatosha, iwapo waliobaki wako tayari kupiga mhuri.

Wala mtunzi hakubuni hali hiyo kichwani mwake. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, mali ya mke iliingia mikononi mwa mume, isipokuwa ile iliyolindwa kwa mkataba maalumu. Sheria za mali ya wanawake walioolewa zilikuja mwaka 1870 na 1882, riwaya imekwisha kusomwa miaka mingi. Na mwaka 1858, kabla kidogo ya Collins kuanza kuandika, Rosina Bulwer-Lytton alifungiwa katika nyumba ya wendawazimu kwa matakwa ya mumewe, baada ya kumshutumu hadharani katika mkutano wa uchaguzi mjini Hertford. Mume huyo, Edward Bulwer-Lytton, alikuwa mwandishi mashuhuri na ndiyo kwanza ameteuliwa kuwa Waziri wa Makoloni. Kelele za watu zilimtoa mama yule baada ya majuma machache. Wasomaji wa mwaka 1859 walipokutana na Anne Catherick barabarani, walikuwa wanajua hadithi inaanzia wapi.

NDUGU ASIYETAFUTWA

Sasa tufike kwenye kiini. Riwaya hii ina siri mbili kubwa. Ya kwanza ni ya Glyde. Wazazi wake hawakufunga ndoa, kwa hiyo cheo na ardhi si vyake kwa sheria ile. Alighushi ndoa yao katika daftari la kanisa. Siri hiyo inatafutwa kwa kishindo, na mwenyewe anakufa kwa moto ndani ya kanisa akijaribu kuificha. Siri ya pili inatajwa karibu kwa sauti ya chini. Anne Catherick ni mtoto wa Philip Fairlie, baba yake Laura, aliyezaa na mtumishi wa nyumba ya kitajiri aliyokuwa mgeni. Anne na Laura ni dada wa baba mmoja, na kwa hesabu ya kitabu chenyewe Anne ndiye mkubwa.

Kwa hiyo ni nani hasa aliyepotea? Laura alipotea kwa miezi, akatafutwa, akapatikana, akarudishiwa jina. Anne alipotea tangu siku aliyozaliwa, na hakuna aliyemtafuta kama ndugu. Glyde alimsaka ili amfunge. Hartright alimtafuta ili apate ushahidi. Marian na Laura walimhurumia, lakini akiwa hai hawakujua kwamba ni damu yao. Ukweli ulipojulikana alikuwa kaburini tayari, na hata hapo ulijulikana kama kipande kilichobaki cha fumbo ambacho mpelelezi anapenda kukiweka mahali pake kabla ya kufunga faili.

Tunasema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata katika kisa hiki ni Bibi Catherick, mama yake Anne. Aliijua siri ya Glyde, akalipwa posho kila mwaka ili anyamaze. Mwanawe aliwahi kurudia tu neno moja alilolisikia, kwamba ipo siri. Siri yenyewe hakuijua. Ikatosha. Alifungiwa kwa ajili ya jambo asilolijua, na mama yake akaendelea kupokea posho. Ni rahisi kumlaani mama huyu. Lakini mtumishi aliyezaa na bwana hakuwa na pa kushitaki. Sheria ya Uingereza ilimhesabu mtoto wa nje ya ndoa kuwa si mtoto wa mtu yeyote katika mirathi, na sheria ya maskini ya mwaka 1834 iliuelekeza mzigo wa mtoto huyo kwa mama. Baba yule yule aliyemwacha mtoto wa kwanza bila jina alimwachia wa pili jina, mali na mchumba. Hapo undugu umekatwa katikati kwa kisu cha mirathi.

WENYE USHAHIDI NA WASIO NA USHAHIDI

Umbo la riwaya nalo linasema jambo. Collins hakusimulia kwa sauti moja. Amewaita wasimulizi wengi, kila mmoja aeleze aliloliona, kama mashahidi mahakamani. Wamo wakili, mlezi, mwalimu, daktari, hata mpishi wa Fosco asiyejua kusoma na kuandika, ambaye maneno yake yaliandikwa na mwingine. Shajara ya Marian ni miongoni mwa sehemu bora kabisa za kitabu. Usiku mmoja anapanda juu ya paa, mvua inamnyea, akisikiliza njama za Glyde na Fosco, na ugonjwa unaompata baada ya hapo unaikata shajara yake. Mwanamke asiye na mali ndiye mwenye akili na ushujaa kuliko wote jumbani.

Lakini Anne, ambaye kitabu kimebeba jina lake, hakupewa hata ukurasa mmoja wa ushahidi. Laura pia hakupewa, ila Laura ana watu wawili wa kumsemea. Anne ana barua fupi isiyo na jina, na maneno machache yaliyonukuliwa na wengine.

NGUVU NA UDHAIFU WA RIWAYA

Nguvu ya Collins ni kwamba aliuvua ukoo wa kibwanyenye joho lake. Alionyesha kuwa nyumba yenye heshima yaweza kuwa gereza, na kwamba sahihi ya daktari na ya wakili zaweza kumzika mtu akiwa hai. Alikuwa na ujasiri wa kuyasema hayo katika gazeti lililouzwa kwa peni mbili. Hata maishani aliendesha nyumba mbili bila ndoa, na katika wosia wake akawagawia mali wanawake wale wawili na kuwakubali watoto wake. Alijua uchungu wa jambo aliloliandika.

Udhaifu wake unaonekana mwishoni. Kwanza, hakuna mahakama inayohukumu. Glyde anauawa na moto, Fosco anauawa Paris na chama cha siri cha Kiitaliano alichokisaliti. Bahati na wageni wanatumwa kufanya kazi ambayo sheria ya Uingereza haikuifanya, na sheria hiyo inabaki salama. Pili, Hartright anarudi Uingereza baada ya kukomazwa na safari ya Amerika ya Kati, ambako wenyeji wametajwa kama moja tu ya hatari za njiani, pamoja na maradhi na maji. Tatu, wapangaji wa mashamba ya Limmeridge wanakusanywa ili wamtambue bibi yao na kumshangilia. Wanashangilia, kisha wanarudi kulima ardhi isiyo yao. Nne, mwalimu wa gini nne anamaliza kitabu akiwa baba wa mrithi wa Limmeridge. Mfumo uliotaka kummeza mkewe umempa kiti, naye ameketi.

Na Anne? Maandishi ya uongo yanafutwa kaburini, jina lake na tarehe ya kifo vinaandikwa. Ni haki, lakini ni haki ya jiwe. Jina lililoandikwa ni Catherick. Hata kaburini hakuitwa Fairlie. Nje ya kitabu, maduka yaliuza manukato na kofia kwa jina la mwanamke mwenye nguo nyeupe. Mwanamke aliyeporwa kila kitu akageuzwa bidhaa.

FUNZO KWA MSOMAJI

Maswali matatu yanafaa kubebwa na kila kundi la masomo linaposoma riwaya ya namna hii. Siri inamfaidia nani? Nani anaijua, na ananyamazishwa kwa nini? Nani anatafutwa, na nani hatafutwi?

Maswali hayo si ya vitabuni tu. Kwetu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali kama mume, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kunyimwa manufaa ya mali ya mzazi wake. Lakini sheria haiketi katika kikao cha ukoo. Baada ya msiba watu wanakaa, wanaandika muhtasari, wanamchagua msimamizi wa mirathi, wanaorodhesha watoto wa marehemu. Mara nyingi yupo mtoto anayejulikana na wote na asiyetajwa na yeyote: mtoto wa msichana aliyekuwa mtumishi wa nyumba, mtoto aliyebaki kijiji kingine na mama yake. Kiongozi wa mtaa au wa kijiji huletewa muhtasari huo aupigie mhuri.

Hapo kada anakuwa ndiye Gilmore. Anaweza kuugonga mhuri na kunung'unika moyoni. Au anaweza kuuliza mbele ya wote, kabla wino haujakauka: je, hawa ndio wote?