Mabadiliko Yaliyotengwa na Yaliyobaki Mezani: Uhakiki wa Matabaka ya Maandishi ya Safari ya 1871 katika Mwambao wa Rumonge

Magara ipo kando ya Barabara ya Taifa namba 3, ile itokayo Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac. Kabla ya kufika huko, msafiri atokaye Bujumbura hupita Mugere, penye jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley pamoja na tarehe 25-XI-1871. Masimulizi yanayolizunguka jiwe hilo mara nyingi huligeuza kuwa alama ya mahali ambapo wawili hao walionana kwa mara ya kwanza. Sivyo. Walionana Ujiji, na mwambao wa Burundi waliupita baadaye kwa mtumbwi walioazimwa na Said bin Majid, Magara ikiwa miongoni mwa pwani walizozipita. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Waliukuta unaingia.

Jiwe ni tabaka la mwisho la maandishi. Nyuma yake kuna vitabu vilivyochapishwa, nyuma ya vitabu kuna madaftari yaliyonakiliwa kwa hati safi, na nyuma ya madaftari kuna shajara zilizoandikwa njiani. Makala hii inahakiki namna matabaka hayo yanavyolinganishwa. Hoja yake ni kwamba kosa kubwa la wasomaji wa maandishi haya limekuwa kulinganisha matabaka mawili tu, na kuyachagua vibaya. Kwa kuwa kosa hilohilo linaweza kuhamia katika hifadhi za kidijitali zinazojengwa sasa katika ukanda huu, inafaa kuanza na chombo ambacho watunzi wa programu hutumia kwa kazi ya aina hii.

Git, mfumo wa kudhibiti matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mnamo Aprili 2005, hauna matabaka mawili bali matatu. La kwanza ni eneo la kazi, yaani faili kama lilivyo mezani kwa mwandishi. La pili ni safu ya maandalizi, ambamo mwandishi hutenga mabadiliko aliyoyakubali lakini hajayaweka rasmi. La tatu ni hifadhi yenyewe, pamoja na historia yake. Faili moja laweza kuwa na sura tatu kwa wakati mmoja: sura ya hifadhini, sura iliyotengwa asubuhi, na sura iliyoguswa tena mchana baada ya kutengwa. Mwandishi akiweka rasmi mchana huo, kinachoingia hifadhini ni kile kilichotengwa asubuhi, si kile kilicho mbele ya macho yake.

Hapo ndipo ulinganishi unapohitaji uangalifu. Amri ya diff, ikitolewa peke yake, hulinganisha eneo la kazi na safu ya maandalizi. Ikiongezewa chaguo la --staged, hulinganisha safu ya maandalizi na hifadhi. Ikitajiwa toleo la mwisho lililohifadhiwa, huiruka safu ya kati na kulinganisha meza na hifadhi moja kwa moja. Ni maswali matatu yenye majibu matatu. Mtumiaji aliyekwisha kutenga kila kitu, kisha akatoa amri ya kwanza, hapati hata mstari mmoja. Ukimya huo haumaanishi kwamba hakuna kilichobadilika. Maana yake ni kwamba mabadiliko yote yamekwisha kuvuka kwenda tabaka ambalo hakuliuliza. Muundo huu unastahili lawama kidogo, kwa sababu jibu tupu linafanana mno na jibu la kutuliza. Na majina hayasaidii: safu hiyohiyo ya kati imewahi kuitwa kwa majina matatu katika miongozo ya Git, na mgeni hudhani ni vitu vitatu.

Maandishi ya Livingstone yana umbo hilohilo, na mfano mzito zaidi haumo katika siku za mtumbwi. Umo miezi minne kabla ya kupita Magara, huko Nyangwe kwenye mto Lualaba, ambako tarehe 15 Julai 1871 watu wa misafara ya biashara walifyatulia risasi umati uliokuwa sokoni. Livingstone alikuwapo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, hivyo aliandika juu ya kurasa za gazeti la The Standard kwa wino uliotengenezwa kwa mmea, wino ambao baadaye ulififia hata usisomeke. Hilo ndilo eneo lake la kazi. Baadaye alinakili habari hizo katika daftari kubwa ambalo watafiti huliita Unyanyembe Journal, na daftari hilo, likiwa limefungwa kwa lakiri, Stanley alilipeleka Uingereza mwaka 1872. Hiyo ndiyo safu ya maandalizi. Mwaka 1874, baada ya Livingstone kufariki, Horace Waller alihariri na kuchapisha Last Journals katika majuzuu mawili. Kitabu hicho ndicho kilichosomwa na dunia, na ndicho kilichotoa makadirio ya waliokufa, kati ya watu 330 na 400, kama walivyokadiria wafanyabiashara wenyewe.

Kwa zaidi ya karne moja aliyetaka kumhakiki Waller alifungua daftari kubwa na kulilinganisha na kitabu. Alipata mengi ya kusema kuhusu mkono wa mhariri, na kazi ya Dorothy Helly ya 1987 juu ya Waller ni mfano mzuri wa uhakiki huo. Lakini kwa habari za Nyangwe, kitabu kinalifuata daftari kwa kiasi kikubwa, na ulinganishi huo peke yake ungemshawishi msomaji kwamba maandishi yametulia. Huo ndio ukimya wa diff. Mwaka 2011 mradi ulioongozwa na Adrian Wisnicki, kwa kupiga picha kurasa za gazeti kwa mianga ya mawimbi tofauti, uliyarudisha maneno yaliyofifia. Ndipo ilipoonekana kwamba mabadiliko yenye uzito yalifanyika mapema zaidi, kati ya shajara na daftari, kwa mkono wa Livingstone mwenyewe. Shajara inawaonyesha watu waliokuwa katika msafara wake kwa namna isiyompendeza mwandishi wake, na inaacha wazi uwezekano kwamba baadhi yao walishiriki katika vurugu hizo. Daftari limeyasafisha hayo.

Tofauti hiyo si ya kitaaluma tu. Habari za Nyangwe ziliongeza nguvu katika shinikizo la Uingereza lililozaa mkataba wa Juni 1873 na Sultani Barghash, uliofunga soko la watumwa la Unguja. Serikali ilikuwa ikitenda kwa kutegemea maandishi yaliyokwisha kutengwa, wakati sura ya kwanza imelala katika wino usiosomeka. Hakuna anayeweza kusema kwamba mkataba huo ulikuwa kosa. Linaloweza kusemwa ni kwamba shahidi aliyeaminiwa alikuwa amekwisha kujihariri.

Kuhusu mwambao wa Burundi, hali ya vyanzo ni tofauti. Stanley aliipa safari ya mtumbwi sura nzima katika How I Found Livingstone ya 1872, wakati katika Last Journals siku hizohizo zinapita kwa maingizo mafupi. Tarehe nazo hazikubaliani kabla ya safari kuanza: Stanley anauweka mkutano wa Ujiji tarehe 10 Novemba, ilhali Last Journals inamfikisha huko mwishoni mwa Oktoba. Wanapoondoka Ujiji tarehe 16 Novemba wote wawili wanatumia kalenda moja. Kwa hiyo tarehe ya jiwe la Mugere inaonekana imara, lakini uimara wake unatokana na watu wawili waliokwisha kukubaliana kuhesabu siku pamoja. Kuhusu salamu mashuhuri ya Ujiji, ulinganishi hauwezekani kabisa, kwa kuwa kurasa husika za shajara ya Stanley zilichanwa. Na wapiga makasia wao hawamo katika tabaka lolote isipokuwa kwa kalamu ya wengine.

Toleo la kidijitali la 2011 linastahili sifa kwa kumpa msomaji picha ya ukurasa pamoja na maandishi yaliyosomwa humo, ili aweze kubishana na wahariri. Upungufu wake kwa wasomaji wa ukanda huu ni lugha. Maelezo yote ni ya Kiingereza, na mwalimu wa Rumonge anayefundisha kwa Kiswahili na Kirundi hana njia ya kuwaonyesha wanafunzi wake mahali maandishi yalipogeuka.

Wapo watakaopendekeza kwamba taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, ziweke nyaraka zao katika mfumo kama Git na kuliacha jambo hapo. Pendekezo hilo lina tundu. Git haihifadhi historia ya safu ya maandalizi. Kilichotengwa kisha kikatenguliwa au kufunikwa hakimo katika orodha ya matoleo, na kwa mpangilio wa kawaida mabaki yake huwa tayari kufagiliwa baada ya wiki mbili. Karatasi za gazeti za Livingstone zilitunza, bila kukusudia, kile ambacho mfumo huu umeundwa kukitupa. Taasisi inayotaka rasimu zake zihakikiwe baadaye inapaswa kuagiza kwamba kila hatua ya kati iwekwe rasmi, hata ikiwa na aibu ndani yake, na kwamba taarifa za mabadiliko zitaje ni matabaka yapi mawili yaliyolinganishwa.

Mugere pangehitaji kidogo zaidi ya hapo: ubao kando ya jiwe, kwa Kirundi, Kiswahili na Kifaransa, unaosema kwamba mkutano wa kwanza ulikuwa Ujiji, kwamba wasafiri walikuwa wakielekea Rusizi, na kwamba tarehe iliyochongwa ilitoka katika daftari gani.